Fimbo Nyepesi Inayopindika

Dunia imezoea kuuliza swali la usalama wa skuli baada ya maiti kuzikwa. Iliuliza baada ya Dunblane, Scotland, Machi 1996, walipouawa watoto 16 na mwalimu wao. Ikauliza tena baada ya Columbine, Marekani, 1999, na kwa kilio kikubwa zaidi baada ya Beslan, Urusi, Septemba 2004, ambako waliokufa walipindukia 330 na zaidi ya nusu yao walikuwa watoto. Afrika ya Mashariki nayo ikapata zamu yake: Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148; Mpondwe, magharibi ya Uganda, Juni 2023, zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi waliovamiwa usiku mabwenini. Kila mara swali ni lile lile: je, skuli zinafanya vya kutosha kumkinga mwanafunzi na silaha? Na kila mara jibu hutolewa kwa lugha ya fundi mwashi: ukuta uinuliwe, lango lifungwe, askari waongezwe.

Jibu hilo lina haki yake mahali pake. Hakuna awezaye kumwambia mzazi wa Garissa kwamba ukuta ni upuuzi. Lakini swali likichukuliwa na kupandishwa milimani, katika nchi ya Wasambaa, huonekana mara moja kwamba limeulizwa kwa sikio moja.

Kutoka Mombo barabara hupanda kwa kupindapinda, ikipita Soni penye maporomoko, hata kufika Lushoto. Na kutoka hapo vijia huparamia kwenda Mlalo, Mtae, Bumbuli na vitongoji visivyo na idadi vilivyotundikwa juu ya miteremko. Skuli nyingi za huko hazina ua, na ua ungejengwa wapi, penye uwanja ambao darasa moja liko usawa wa paa la jingine? Watoto hutokeza alfajiri ndani ya ukungu, kati ya migomba na mahindi, wengine wakiwa wametembea saa nzima. Mtu mwenye bunduki hajaonekana. Ofisa akiulizwa habari ya silaha katika skuli za Lushoto atajibu pasi na kusita kwamba hakuna, na usalama ni wa kuridhisha, na mazungumzo yahamie kwenye upungufu wa madawati.

Silaha ipo. Aghalabu huingia asubuhi pamoja na mwanafunzi mwenyewe, naye ndiye aliyetumwa kuileta. Amekatwa mpera, au mti wowote wenye unyumbufu, ukachongwa vifundo, ukamenywa gamba, ukaletwa kwa mwalimu wa zamu kama vile mtu apelekavyo zawadi. Mtoto ndiye anayechagua ufito utakaomchapa, na akichagua mwembamba mno hurudishwa porini.

Wako watakaocheka hapa. Ufito wa mpera na bunduki ya Beslan vitawekwaje katika mizani moja? Basi na waulizwe maana ya neno lenyewe. Silaha, neno tulilolitwaa kwa Waarabu pamoja na mengi mengine, ni chombo kilichoandaliwa ili kimuumize kiumbe. Panga si silaha mpaka liinuliwe juu ya mtu. Siku nyingine zote ni chombo cha kukatia mgomba. Jembe hulima. Bakora ya mzee humwegemeza akenda msikitini. Fimbo ya mwalimu, iliyokatwa, ikamenywa na kusimamishwa penye kona ya darasa, haina kazi nyingine ulimwenguni ila ile moja. Kwa kipimo hicho cha lugha, hiyo ni silaha safi kuliko panga.

Na kama kipimo cha lugha hakitoshi, kipo cha kaburi. Mwezi wa Agosti 2018, katika Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, mwanafunzi wa darasa la tano alituhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu, akapigwa, akafa. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ilimtia mwalimu mmoja hatiani kwa kuua kwa kukusudia na kumhukumu kunyongwa. Taifa likashusha pumzi. Mwovu amepatikana, kesi imekwisha, na fimbo za skuli nyingine zote zikabaki penye kona zake, maana zenyewe hazikushitakiwa. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtu mwenye hasira alikuta chombo cha kupigia kiko tayari ndani ya skuli, kimewekwa kwa ruhusa, na mkono wake umekwisha kuzoezwa kukitumia.

Ruhusa hiyo inapaswa kusomwa, na wanaoitetea hawajaisoma. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimpa waziri uwezo wa kutunga kanuni. Kanuni za kwanza za adhabu ya viboko zilitoka 1979, nazo zikafuatwa na nyingine za mwaka 2002. Hizi za pili zinasema kwamba adhabu hiyo ni ya makosa mazito ya nidhamu. Zinasema itolewe na mkuu wa skuli, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Zinasema isizidi viboko 4. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa skuli ile haina mwalimu wa kike. Kila adhabu iandikwe katika daftari: jina la mtoto, kosa, idadi ya viboko, jina la aliyechapa. Na zinaeleza chombo chenyewe: fimbo nyepesi inayopindika, tena ipige kiganjani au penye makalio yaliyofunikwa kwa nguo, wala si mahali pengine popote pa mwili.

Fimbo nyepesi inayopindika! Mtunga sheria huyu alikuwa karibu kuwa mshairi. Aliona aibu ya alichokuwa akikiruhusu, akakipunguza kwa sifa mbili ndogo, kama mtu anayemwaga maji ya waridi jikoni ili samaki aliyeoza asinuke. Sifa hizo ziliandikwa kwa Kiingereza. Kanuni hizo zilitungwa kwa lugha ambayo mzazi wa Mlalo haisomi, na ambayo walimu wengi wa skuli za msingi huisoma kwa taabu. Hivyo iliyoshuka hadi darasani ni ruhusa peke yake, bila ya mipaka yake. Viboko vilitafsiriwa vyote; ile idadi ya 4 na lile daftari havikutafsiriwa. Mtu aulize penye mstari wa asubuhi, wachelewaji 30 wakiwa wamepigishwa magoti, ni makosa mangapi mazito yaliyotendeka siku hiyo, na ni barua ngapi za ruhusa zilizoandikwa.

Inasemwa mabarazani, Unguja na bara, kwamba kuiondoa fimbo ni kuiga Wazungu. Neno hili hutamkwa kwa ushujaa mkubwa na watu wasiojua fimbo hiyo ilitoka wapi. Lushoto, kabla ya kuitwa Lushoto kwenye ramani za serikali, iliitwa Wilhelmstal, jina la mfalme wa Wajerumani, na ilikuwa makao ya wilaya. Katika makao kama hayo mtu mweusi alilazwa kifudifudi na kupigwa kwa kiboko, mjeledi wa ngozi ya mnyama wa mtoni, na hapo ndipo mnyama yule alipoigeuza lugha yetu hata leo mtoto wa Lushoto aliyeko mbali na kila kiboko cha majini anahesabiwa viboko. Idadi ilijulikana kwa jina: hamsa ishirini, tano na ishirini. Na jambo la kutazamwa kwa macho mawili ni kwamba Wajerumani nao walikuwa na kanuni. Amri ya mwaka 1896 iliweka kikomo cha 25 kwa mara moja, ikataka awepo Mzungu aliyeteuliwa kusimamia, ikawatoa wanawake, ikataka hukumu ziandikwe katika daftari la adhabu.

Kikomo, msimamizi, tofauti ya mwanamke, daftari. Aziweke mtu amri ya 1896 na kanuni za 2002 juu ya meza moja, aseme ni ipi iliyo mila ya Waafrika. Uhuru ulipokuja haukuitupa fimbo hiyo. Mwaka 1963 Bunge la Tanganyika lilipitisha sheria ya adhabu za chini kabisa, na mwizi wa mali ya umma akapewa kifungo pamoja na viboko 24, nusu akiingia na nusu akitoka. Ishirini na nne, moja pungufu ya hamsa ishirini. Wahenga walikwisha kusema kwamba fimbo iliyompiga mke mwenzio ukiiona itupe mbali. Wajukuu wa waliolazwa kifudifudi Wilhelmstal wao waliiokota, wakaipangusa, wakaipeleka skuli.

Haina maana kwamba pwani na visiwa vilikuwa bustani ya upole. Msomaji wa visiwani asijipangushe haraka. Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, ufalme wa Wakilindi ulipasuka, na aliyeupasua zaidi alikuwa mwanawe Semboja, aliyekaa Mazinde, chini ya mlima, kando ya njia ya misafara. Baba yake alitawala kutoka Vuga kwa heshima ya mvua na kodi. Semboja alitegemea bunduki. Bunduki zilitoka pwani, na biashara ya pwani ilitazama Unguja. Malipo yake yalikuwa pembe na watu. Ili kupata bunduki iliuzwa familia ya jirani, na ili kumkamata jirani ilihitajika bunduki. Abdallah bin Hemedi, aliyeandika kwa Kiswahili Habari za Wakilindi, alizijua nyumba hizo kwa ndani. Hiyo ndiyo mara ya kwanza silaha kuifikia milima hiyo kwa wingi, na ilifika kwa mashua zetu.

Kwa hiyo Wasambaa wana haki kuliko wengi ya kusema wanajua silaha ni nini. Wana maneno mawili ya kupimia utawala: kubana shi, kuidhuru nchi, na kuzifya shi, kuiponya. Mtawala mwenye nguvu zisizopingwa huiponya nchi; nguvu zikishindana kwa silaha, nchi hudhurika, mvua hukoma, njaa huingia. Na katika simulizi yao ya asili, Mbegha alipanda mlimani akiwa na mikuki na mbwa, mwindaji wa nguruwe aliyefukuzwa kwao. Lakini kilichompa enzi ni nyama aliyoigawa na mashauri aliyoyaamua kwa haki. Mikuki iliwaelekea nguruwe waliokuwa wakila mazao. Haimo katika simulizi siku ambayo Mbegha aliwachapa watoto wa Vuga ili wamtii.

Watetezi wakishindwa katika historia hukimbilia methali, na hapo wanaingia katika shamba ambalo wasomaji wa kurasa hizi wana kibali cha kuwafukuza. Mcha mwana kulia hulia yeye, husema, kana kwamba methali hiyo imetaja fimbo. Haikuitaja. Inamsema mzazi anayeogopa machozi: asiyethubutu kumwachisha mtoto ziwa, kumnyima kisu anachokililia, kumwambia hapana na kukaa nalo. Kumnyima mtoto na kumpiga mtoto ni vitu viwili, na mara nyingi anayepiga ni yule aliyeshindwa kunyima mapema. Samaki mkunje angali mbichi, huongeza. Ndiyo, mkunje. Mvuvi yeyote wa Nungwi atawaambia kwamba samaki hakunjwi kwa kupigwa.

Lakini kosa kubwa la lugha liko katika maneno mawili yanayofanana hata yakafanywa ndugu. Adabu na adhabu. Kwa Kiarabu hayana nasaba yoyote. Adhabu ni mateso, na ndilo neno la moto wa akhera. Adabu ni tabia njema, malezi, na zaidi ya hayo ndilo jina la fasihi yenyewe. Adibu ni mtu aliyeleleka, na pia ni mtu wa maandishi. Urithi mkubwa kama huu, kwamba mwenye tabia njema na mwenye kusoma mashairi waitwe kwa neno moja, Waswahili waliupokea kisha wakaupoteza njiani. Leo kumtia mtu adabu ni kumpiga. Kumshikisha adabu ni kumpiga zaidi. Mtoto wa Lushoto husikia neno la fasihi kwa mara ya kwanza pale anapoamriwa kuinama.

Yote haya yangeweza kubakia ubishi wa washairi lau si jambo moja, nalo ndilo linalorudisha mjadala kwenye bunduki na mabomu. Polisi wanaomlinda rais wa Marekani, baada ya Columbine, walishirikiana na wizara ya elimu ya nchi yao kuchunguza mashambulio 37 yaliyotokea katika skuli kati ya 1974 na 2000. Ripoti yao ya mwaka 2002 ilionesha kwamba katika mashambulio 8 kati ya kila 10 kulikuwa na mtu aliyejua kabla, na takriban wote waliojua walikuwa wanafunzi wenzake mshambuliaji. Silaha ilionwa na mtoto mwingine kwanza. Ukuta haukuiona, wala lango. Kinga ya kwanza ya skuli, basi, ni ulimi wa mtoto: aone, aende kwa mtu mzima, aseme.

Sasa na tuulize kama skuli ya fimbo inao ulimi huo. Mwezi wa Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga, wilaya ya Ngara, mtoto aliokota bomu la mkono akidhani ni chuma chakavu cha kuuza, akaenda nalo skuli, likalipuka, likaua wanafunzi na kujeruhi makumi ya wengine. Ngara iko jirani na Burundi na Rwanda, nchi zilizovuka vita. Mabaki ya vita hayakusimama mpakani. Kuna mambo mawili ambayo skuli yoyote ya eneo kama lile ilikuwa na wajibu wa kuyafanya: kuwaonesha watoto kwa picha umbo la kitu kile, na kuwafanya wasiogope kumwendea mwalimu wakiwa na kitu wasichokijua mkononi. La kwanza ni kazi ya nusu saa. La pili ni kazi ya miaka, na haliwezekani kabisa pale ambapo jibu la kila kisichoeleweka ni kunyoosha kiganja. Mtoto aliyezoea kupigwa kwa kuchelewa, kwa kukosa hesabu, kwa kusahau ufagio, hapeleki siri kwa mwalimu. Huificha mfukoni.

Milima ya Usambara haina mabomu ya Burundi. Inayo panga, mundu na fyekeo. Ng'ombe wengi wa huko hulishwa zizini, na majani ya kuwakatia hutafutwa kwenye kingo za matuta. Hivyo mtoto hushika mundu mapema, tena kwa ustadi. Hilo ni la nyumbani na lina heshima yake. La skuli ni jingine. Soma fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza, uone orodha: sare, madaftari, ndoo, jembe, fyekeo. Siku ya usafi watoto huambiwa waje na mapanga, nao hushuka nayo miteremko yenye utelezi wa ukungu, wakubwa kwa wadogo, walioamka na ugomvi wa jana na wasio nao. Serikali moja inayotoa semina juu ya usalama wa mtoto humwamuru mtoto huyo huyo aje skuli na chuma chenye makali. Elimu ya kujitegemea, aliyoiandika Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilitaka skuli iwe na shamba; haikusema kwamba stoo ya shamba iwe ni mkoba wa mtoto. Vifaa vinunuliwe na skuli, vifungwe kwa kufuli, vihesabiwe vikitoka na vikirudi. Gharama yake ni ndogo kuliko mshono mmoja hospitalini, na tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 hakuna sababu ya kuugeuza ununuzi wa skuli kuwa mzigo wa kichwani mwa mtoto.

Kuna hoja moja ya walimu inayostahili kusikilizwa kwa adabu, ile adabu ya kwanza. Mwalimu aliyepangiwa skuli ya kata, juu ya kilima, bila ya nyumba, akikabiliwa na darasa lililofurika, mshahara ukichelewa, wazazi hawaji mikutanoni, anawezaje kulinyamazisha darasa? Fimbo ndiyo msaidizi pekee aliyepewa na serikali, wala halipwi mshahara. Hoja hii ni ya kweli, na kwa sababu ni ya kweli inaishitaki serikali kuliko inavyoitetea fimbo. Nchi iliyojenga skuli za kata kwa haraka baada ya 2004, ikazijaza watoto kabla ya walimu, iliamua kwamba pengo la walimu litazibwa na mti. Anayelipa ni mtoto, kwa kiganja chake. Mwalimu mwenyewe pia hulipa, maana kila anapopiga hujifunza upya kwamba hana njia nyingine.

Wakubwa nao wamekuwa na sehemu yao katika tamthilia hii. Mwezi wa Oktoba 2019, katika Shule ya Sekondari Kiwanja, Chunya, ambako mabweni yaliteketea kwa moto, mkuu wa mkoa wa Mbeya wa wakati huo, Albert Chalamila, aliwachapa wanafunzi 14 mbele ya kamera, na rais wa wakati huo, John Magufuli, akampongeza hadharani. Mkuu wa mkoa si mkuu wa skuli. Kanuni za 2002 hazimtaji. Kama mwenye mkoa anaweza kuivunja kanuni mchana kweupe na kupongezwa, mwalimu wa zamu huko Mtae ataiheshimu kwa ajili ya nani? Na yale mabweni? Kuchoma moto ni uhalifu, na moto ndio silaha iliyoua wanafunzi wengi zaidi katika mabweni ya Afrika ya Mashariki. Wavulana 67 walikufa Kyanguli, Kenya, Machi 2001, katika bweni lililotiwa moto kwa makusudi. Mtu aliyetiwa moto wa namna hiyo mikononi mwake alihitaji uchunguzi, polisi, mahakama ya watoto, mshauri. Alipewa viboko vitatu na kamera.

Kwa bahati, Lushoto ina chuo ambacho kingeweza kutoa somo bila ya kusafiri. Chuo cha Uongozi wa Mahakama kiko pale pale mjini, penye baridi na misonobari, na makarani na mahakimu wa nchi hufunzwa humo. Kanuni ya kwanza wanayofunzwa ni kwamba mtu hahukumiwi bila ya kusikilizwa, na anayeshitaki asiwe ndiye anayehukumu. Toka nje ya lango la chuo hicho, uende skuli yoyote iliyo karibu saa moja na nusu asubuhi. Mwalimu mmoja, kwa pumzi moja, ni mlalamikaji, shahidi, mwendesha mashitaka, hakimu na mtekelezaji. Mshitakiwa ana miaka 9, na utetezi wake ukianza kwa neno "lakini" huhesabiwa kuwa kosa la pili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mateso na adhabu za kumdhalilisha mtoto, kisha ikaacha mlango wa marekebisho yanayostahili, na katika mlango huo fimbo zote za nchi zimepita bila ya kuinama.

Milima hiyo ilikwisha kulijaribu jambo la kulazimisha, na matokeo yake yameandikwa. Kuanzia mwaka 1946 serikali ya Waingereza iliamrisha wakulima wa Usambara wachimbe matuta ili kuzuia mmomonyoko. Matuta yenyewe yalikuwa na hoja. Udongo wa mlimani kweli hushuka na mvua. Lakini yaliletwa kwa amri, faini na vifungo, na wanawake na wanaume wakapinga, hata mpango wote ukaachwa mnamo 1957. Baadaye sana, wataalamu walipokuja na miche ya majani ya kulishia ng'ombe na kuyapanda kwenye kingo pamoja na wakulima, wengi walikubali kwa hiari yao, maana waliona maziwa. Atakayetaka kujua kama nidhamu ya lazima hukaa katika ardhi ya Usambara, na awaulize wazee walioyafukia matuta yale.

Kenya iliondoa viboko skulini mwaka 2001, na Katiba yake ya 2010 ikaongeza nguvu. Uganda ikavipiga marufuku kwa sheria mwaka 2016. Si kwamba tangu hapo hakuna mtoto aliyepigwa Mombasa au Kampala. Wamepigwa, na habari zao hutoka magazetini. Tofauti ni kwamba huko mzazi akienda kulalamika sheria imesimama upande wake, na mwalimu akipiga anajua anafanya kwa kuiba. Tanzania Bara bado mzazi akienda kulalamika huulizwa kwanza mwanawe alifanya nini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 juu ya ukatili dhidi ya watoto, uliochapishwa 2011, ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya vijana wa miaka 13 hadi 17, wasichana kwa wavulana, walikuwa wamekwisha kupigwa na mwalimu. Hakuna genge la wahuni katika nchi hii lililowahi kuwafikia watoto wengi kiasi hicho.

Waziri ana uwezo wa kuzifuta kanuni za 2002 kwa kalamu ile ile iliyozitunga, wala halihitajiki Bunge. Kabla hajafanya hivyo, kamati za skuli na wazazi wa Lushoto, Mlalo na Bumbuli wana jambo la kuanza nalo katika mkutano ujao. Wasilete hotuba. Waombe daftari la adhabu. Lisomwe kwa sauti mbele ya wote, kwa Kiswahili: jina, kosa, idadi, aliyechapa, na barua iliyompa ruhusa. Kwa mujibu wa kanuni, kila skuli inayochapa inalo.